Hela ni jina la mji: mkono, msalaba na fedha ya Wajerumani wa kale

Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu wote habari za jioni, na nyie vijana mliosimama huko mlangoni karibuni mbele viti bado vipo. Nimeambiwa nina nusu saa na mi nikianza kuongelea sarafu nusu saa naionaga fupi sana, kwahiyo naingia moja kwa moja.

Leo tangu umeamka umeshalitamka neno hela mara ngapi? Mtoto kakuomba hela ya daftari, konda kakudai hela, mama watoto kauliza hela ya mboga umeiacha wapi. Ni neno letu kabisa, tunalala nalo tunaamka nalo, wengine wanadhani ni la Kiarabu kama maneno mengi ya pwani, wengine wanadhani limetoka bara kwenye lugha za mababu. Kumbe hela ni jina la mji. Kuna mji kusini mwa Ujerumani, kwenye bonde la mto Kocher, siku hizi unaandikwa Schwäbisch Hall, zamani ulikuwa Hall tu, na zaidi ya miaka 800 iliyopita mji ule ulikuwa unagonga kasarafu kadogo ka fedha ambako watu wakakaita Haller, baadae Heller, yaani "ya Hall", kama sisi tunavyosema kitenge cha Kongo au mchele wa Kyela. Heller ikaja huku ikawa hela. Basi kila ukisema sina hela unautaja mji ambao labda hujawahi kuusikia.

Mi nililijua hili nikiwa mtu mzima tayari. Marehemu bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa na kopo la bati la biskuti analoweka vitu vyake, vifungo, sindano, herini moja iliyopotelewa na mwenzake, na chini kabisa sarafu ambazo hazinunui kitu chochote tena. Tulipokuwa tunagawana vitu vyake mi nikaomba lile kopo. Ndani yake nikaikuta hii. Ni ya shaba, haifiki ukubwa wa kifuniko cha soda, imesuguliwa na vidole vya watu mpaka kingo zimelainika. Upande huu kuna taji la kaizari, mwaka 1910, na maneno Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Upande wa pili kuna majani yamezungushwa kama shada, na katikati 1 Heller. Ukitumia lensi utaona na kaherufi J kadogo sana, hiyo maana yake iligongwa Hamburg, zile za Berlin zina A. Nilikaa nayo nikajiuliza hili neno Heller limetoka wapi, na hapo ndo safari ilianza, mpaka leo sijarudi.

Sasa tuiache hii ya shaba kidogo tumtafute mzee wake, ile ya kwanza, ya mwishoni mwa karne ya 12. Ile ilikuwa na uzito wa kama nusu gramu hivi. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja uiweke upande mmoja wa mizani, upande wa pili utahitaji heller karibu 2,000 ndo mizani ikae sawa. Ni kitu ambacho kikidondoka kwenye mchanga umekipoteza. Upande mmoja ina mkono, kiganja wazi, vidole vimenyooka juu, kama mtu anayekwambia simama au anayekula kiapo. Upande wa pili ina msalaba ambao ncha zake zimegawanyika kama panda. Basi. Hakuna sura ya mfalme, hakuna taji, mkono na msalaba tu, na kwenye baadhi yake herufi za jina la mji, HALLA.

Kwanini mkono? Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kwasababu hotuba yangu yote imelalia hapa. Watu wengi wa zama zile walikuwa hawasomi. Mkulima, mwanamke anayeuza mayai, mchemsha chumvi (na Hall ulikuwa mji wa chumvi, walikuwa wanachemsha maji ya chemchemi ya chumvi pale pale katikati ya mji, utajiri wao wote ulitoka hapo), watu hao wote ukiwaandikia Kilatini pembeni ya sarafu umewaandikia bure. Ila mkono wanaujua. Mkono wa mfalme ni ulinzi wake, ni mamlaka yake, ni kusema soko hili liko chini yangu na fedha hii naijua. Hall ilikuwa chini ya ukoo wa Staufer, ukoo wa kaizari Friedrich Barbarossa, na wengi wanaousoma ule mkono wanausoma hivyo, kwamba ni mkono wa mamlaka uliowekwa juu ya fedha. Yaani ni ahadi. Alama kwenye sarafu ni ahadi kwa mtu asiyejua kusoma. Na mpaka leo nembo ya mji ule ina vitu viwili, msalaba na mkono, mji umeichukua sarafu yake ukaifanya sura yake.

Nirudi nyuma kidogo ili tuelewane. Sisi kwa Kiswahili tuna bahati, tunasema fedha tukimaanisha madini na tunasema fedha tukimaanisha pesa, neno moja. Kwa Wajerumani wa kale hali ilikuwa hivyo hivyo kwa vitendo, pesa ilikuwa ni ile fedha yenyewe. Karl Mkuu, mfalme wa Wafranki, kwenye miaka ya 793 na 794 alipanga upya mambo ya sarafu, akasema ratili moja ya fedha itatoka sarafu 240, hizo Wajerumani wakaziita pfennig, na pfennig 12 ukizihesabu pamoja unaziita shilling moja, na shilling 20 ni ratili moja. Ile shilling kwa miaka mingi haikuwa sarafu ya kushika, ilikuwa ni hesabu tu ya mdomoni, kama mtu anavyosema dazeni. Dazeni huwezi kuiweka mfukoni, unaweka mayai. Na neno hilo likapita Uingereza likaja kwetu likawa shilingi. Kwahiyo tumeshapata mawili, hela na shilingi, na la tatu linakuja.

Baada ya Karl, wafalme na makaizari waliofuata wakawa wanagawa haki ya kugonga sarafu kama mtu anavyogawa mashamba. Askofu huyu kapewa, mtawala yule kapewa, abesi wa monasteri kapewa, mji umenunua. Ikafika mahali nchi yote imejaa vinu vya sarafu na pfennig ya mahali pamoja haitambuliki siku mbili tatu za mwendo mbele. Unatoka na fedha yako kwenye soko la kwenu unafika kwenye soko la wenzio wanaitazama kwanza kwa macho. Sasa watu wasiosoma watajuaje hii ni ya nani? Kwa picha. Na ndo maana nasema fedha ya Ujerumani ya zama zile ni kitabu cha picha, ukikifungua huwezi kukifunga.

Berlin kuna jumba la makumbusho la Bode, ndani yake kuna hazina kubwa sana ya sarafu. Niliwahi kwenda, mwenzangu niliyekuwa nae alizunguka jumba zima akanikuta bado nimesimama kwenye kabati lile lile. Nilikuwa naangalia zile nyembamba. Kuanzia karne ya 12, hasa pande za Saxony na Thuringia na kule kusini kwenye ziwa la Konstanz, walianza kugonga pfennig za upande mmoja tu. Wataalam wanaziita brakteati, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya bati jembamba. Ni bati kweli, fedha iliyofuliwa mpaka ikawa kama jani, zingine pana kuliko shilingi mia mbili yetu lakini uzito haufiki gramu moja, ukiikunja inavunjika. Mfua fedha alikuwa anaweka lile jani juu ya kitu laini, ngozi kwa mfano, anaweka chapa juu, anagonga. Mbele picha inatokea, nyuma picha ile ile inabonyea imegeuka. Ukiangalia kwa karibu unaona nyuzi za nywele, mikunjo ya kanzu, matofali ya mnara, kwenye kitu kinachoweza kupeperuka ukikipuliza. Mi kwa maoni yangu hawa mafundi wangestahili kutajwa pamoja na waliochonga makanisa, ila majina yao karibu yote yamepotea, na wengine walikuwa hawajui kuandika, unaona pembeni ya sarafu wameweka vitu vinavyofanana na herufi lakini havisomeki kitu. Walijua picha. Picha ilitosha.

Mwone simba. Heinrich, mtawala wa Saxony na Bavaria, watu walimwita Heinrich Simba. Kwenye mji wake wa Braunschweig alisimamisha simba wa shaba mwaka 1166 hivi, na kwenye pfennig zake aliweka simba, anatembea kifua mbele, amezungukwa na kuta na minara. Mkulima wa Braunschweig hakuhitaji kuambiwa fedha hii ya nani. Simba yupo, Heinrich yupo. Mwaka 1180 kaizari akamnyang'anya utawala wake wote mkubwa, akabaki na ardhi za ukoo wake tu, lakini simba hakuondoka Braunschweig, watoto na wajukuu wakaendelea nae. Na wakati ule ule ndo ngao za kivita zilikuwa zinaanza kuwa na alama za kudumu, ya baba anarithi mtoto, kwasababu mtu akishavaa chuma kichwani humjui ni nani mpaka uone ngao. Sarafu na ngao zikakua pamoja kama mapacha, alama iliyoonekana vitani ndo hiyo hiyo utaiona sokoni.

Na walikuwa wanapenda sana alama inayotamka jina. Wenye ngome ya Falkenstein wanaweka falkoni, kwasababu jina lao limeanza na falkoni. Wa Arnstein wanaweka tai, manake Aar kwa Kijerumani cha zamani ni tai. Mji wa Lindau unaweka mti wa Linde. Ni kama mtu wa Mbuyuni angegonga sarafu akaweka mbuyu, asiyejua kusoma anasoma. Hapo kuna akili kubwa sana na mi naipenda kuliko ngao zote za wafalme.

Maaskofu wao waliweka watakatifu. Halberstadt mtakatifu wao ni Stefano, yule aliyeuawa kwa kupigwa mawe, na kwenye sarafu unamwona yeye na mawe yanamzunguka. Magdeburg mtakatifu wao ni Moritz, na hapa ndugu zangu naomba mkae sawa, kwasababu Moritz kwa mapokeo ya kanisa alikuwa kamanda wa jeshi la Kirumi lililotoka Thebe, Misri, yaani Mwafrika. Kwenye kanisa kuu la Magdeburg kuna sanamu yake ya kati ya karne ya 13, karibu mwaka 1240 mpaka 1250, amevaa deraya ya chuma, na uso ni wa mtu mweusi kabisa, pua, midomo, rangi, hakuna ubishi. Nilisimama mbele yake nikashindwa kuondoka. Kwenye pfennig za Magdeburg huwezi kuona rangi, unaona askari mwenye ngao na bendera, lakini ni yeye. Fikiria soko la Ujerumani miaka 800 nyuma, mtu ananunua mkate kwa fedha yenye mtakatifu kutoka Afrika, na fedha inakubalika kwasababu ya yeye kuwepo pale.

Ila sasa Magdeburg hiyo hiyo ndo inanipa na upande mchungu wa habari hii. Askofu mkuu Wichmann, aliyekaa pale kuanzia 1152 mpaka 1192, alikuwa anabadilisha sarafu mara mbili kwa mwaka. Siku ya sikukuu inatangazwa, pfennig za zamani hazifai tena, leteni mpya zitoke, na unapeleka 12 za zamani unapewa 9 mpya. Tatu zimebaki kwa askofu. Ndo kodi yenyewe hiyo. Mara mbili kwa mwaka! Mtu aliyehifadhi fedha chini ya godoro kwa ajili ya mahari ya binti yake, kila baada ya miezi sita robo inamegwa. Na utajuaje hii ni mpya au ya zamani? Kwa picha, picha imebadilika kidogo, jana Moritz kasimama leo kakaa, kesho kashika matawi. Kwahiyo ile ile picha niliyoisifia kwamba inamsaidia asiyesoma, ndo hiyo hiyo ilikuwa inamtambulisha kwa mkusanya kodi. Kitabu cha sheria za Saxony, Sachsenspiegel, cha miaka ya 1220 kuelekea 1230 na kitu, chenyewe kinasema pfennig zibadilishwe wakija watawala wapya. Yaani sheria inajua kwamba mara mbili kwa mwaka ni kuwaonea watu. Na miji ilichoka, mingine ikachanga ikamlipa mtawala fedha nyingi kwa mkupuo aache kabisa hiyo tabia, Berlin na miji mingine ya Brandenburg ilifanya hivyo mwaka 1369, na sarafu iliyotoka baada ya hapo waliiita pfennig ya milele. Hilo jina peke yake linakwambia watu walikuwa wameumia kiasi gani.

Sasa tumrudie heller wetu, kwasababu yeye alishinda kwa njia ya ajabu. Heller haikuwa nzuri. Ilikuwa nyepesi, na fedha ndani yake ilichanganywa na shaba tangu mwanzo, na miaka ilivyokwenda shaba ikazidi. Sasa wewe una sarafu mbili mfukoni, moja ina fedha safi moja imechanganywa, na zote muuzaji anazipokea, utatoa ipi? Utatoa ile mbovu bila kufikiri, nzuri utaificha nyumbani au utampelekea sonara. Na mwenzio atafanya hivyo hivyo. Ndo mana heller ilitembea. Ilitoka Hall ikaenea Swabia yote, ikaingia Franken, ikafika bonde la Rhine mpaka Frankfurt, pfennig nzuri nzuri za mahali zikawa zinapotea sokoni mbele yake. Na ilikuwa ni sarafu moja inayoeleweka kila mahali, mkono na msalaba, haibadiliki picha kila msimu, mfanyabiashara akaipenda kwa hilo. Miji mingine ikaanza kuigiza, inagonga mkono ule ule na msalaba ule ule. Mwaka 1385 mfalme Wenzel na miji ya Swabia ilibidi wakae wakubaliane namna ya kuzigonga maana kila mtu alikuwa anapunguza fedha kivyake.

Mwisho shaba ilizidi mpaka sarafu ikawa nyekundu. Wajerumani wakapata msemo ambao wanao mpaka leo, kitu kisicho na thamani wanasema hakina thamani hata ya heller nyekundu, kama bibi zetu walivyokuwa wanasema hana hata ndururu. Mkono uko pale pale, msalaba uko pale pale, fedha imeondoka. Hilo ndo jambo ambalo limenikaa moyoni miaka yote hii, ndugu zangu. Waliopunguza fedha hawakugusa picha, walijua wakigusa picha watu watastuka, kwahiyo ahadi ikabaki na sura yake kamili wakati tumbo lake limeshakuwa tupu. Mwanamke wa mayai alikuwa anaangalia mkono, hakuwa na kipimo cha kupima fedha.

Si wote walikuwa hivyo, lazima niwe mkweli. Köln walilinda pfennig yao kwa muda mrefu, nzito nzuri, walikuwa wanatoa 160 kwenye uzito mmoja unaoitwa mark, na mark ya Köln, kama gramu 233 na kitu, ikawa kipimo cha fedha kwa Wajerumani wengi. Na kuna waliojifunza kuungana. Mwaka 1379 miji ya kaskazini, Lübeck, Hamburg, Wismar na baadae Lüneburg, ilikubaliana kugonga sarafu za kiwango kimoja, kila mji na alama yake lakini uzito mmoja. Mwaka 1386 wakubwa wanne wa Rhine, askofu mkuu wa Mainz, wa Trier, wa Köln na mtawala wa Pfalz, wakafanya hivyo hivyo. Mainz alama yake ni gurudumu la mkokoteni, Trier na Köln misalaba, Pfalz simba, na kwenye sarafu zao unakuta ngao za wabia zimepangwa pamoja. Ukiona ngao ya jirani imekaa kwenye sarafu ya huyu, maana yake jirani naye ameiwekea dhamana, ataipokea kwake. Misalaba ile kwenye nguo na bendera wa Trier ni mwekundu wa Köln ni mweusi, kwenye fedha haina rangi, msalaba ni msalaba, sasa wanaosoma sarafu hizi inabidi waangalie ngao imewekwa wapi na imekaa na nani. Naweza kuwaambia nimeshalala usiku wa manane kwa ajili ya kitu kama hicho.

Wakati mwingine watu waliisoma picha walivyotaka wenyewe. Freiburg ile ya kusini kabisa waliweka kichwa cha tai, wananchi wakakiona kama kunguru, inasimuliwa ndo hapo sarafu ikaitwa Rappen, yaani kunguru, na Uswisi mpaka leo senti zao wanaziita Rappen. Tirol waliweka misalaba miwili imepandana, sarafu ikaitwa Kreuzer, yaani ya msalaba. Mtawala anachora, mtaa unaipa jina.

Na lile la tatu nililowaahidi. Fedha ilikuwa inatoka wapi? Goslar kwenye mlima Rammelsberg kwanza, halafu mwaka 1168 ikapatikana Freiberg huko Meissen, ambapo baadae, kama 1338, walianza kugonga sarafu kubwa zaidi za groschen zenye simba wa Meissen. Halafu kwenye milima hiyo hiyo upande wa Bohemia, bonde linaitwa Joachimsthal, miaka ya 1519 na 1520 wakagonga sarafu kubwa nzito ya fedha yenye mtakatifu Joachim upande mmoja na simba wa Bohemia upande wa pili. Ikaitwa Joachimsthaler, ulimi ukachoka ikabaki thaler, Waholanzi wakaitamka daalder, Waingereza dollar, sisi dola. Na jamaa wa thaler tulimjua kwa mkono wetu kabla ya dola ya noti, ile reale ya fedha ya malkia Maria Theresa yenye mwaka 1780 na tai wa vichwa viwili, wafanyabiashara wa Unguja na Maskati na bahari ya Shamu waliipokea, walimtambua mama na tai wake. Wazee wa pwani mliopo hapa huenda mmeiona imening'inia kwenye mkufu wa mtu.

Basi mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikafuta hesabu ya zamani, ya sarafu ndogo zilizoitwa pesa, 64 kwa rupia moja, ikasema rupia moja sasa ni heller 100. Zile pesa za mwanzo za kampuni yao zilikuwa na tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine, kwasababu walijua watu wa pwani wanasoma nini. Heller ikaja na taji na Kijerumani tu. Hiyo ndo sarafu mtu aliambiwa aitafute ili alipe kodi, na mwaka uliofuata, 1905, vita vya Majimaji vikaanza, kodi ikiwa mojawapo ya mambo yaliyowachosha watu pamoja na kulimishwa pamba kwa nguvu. Mwaka 1916 meli hazifiki tena, Wajerumani wakagonga heller 20 na heller 5 kwenye karakana ya reli Tabora, zina herufi T, ni za haraka haraka unaona kabisa kingo hazilingani, na wakagonga rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye tembo mbele ya mlima. Halafu wakashindwa vita wakaondoka, taji likaondoka, rupia ikaondoka, shilingi ikaja. Neno hela likakataa kuondoka. Watu walishalichukua likawa lao.

Kwenye kopo la bibi kulikuwa na nyingine niliyokaribia kuipita kwasababu ni ya juzi tu, shilingi yetu ya 1966. Mbele Mwalimu. Nyuma kuna mkono, umeshika mwenge. Niliziweka mbili hizi mezani, ile heller ya shaba na hii, halafu nikaweka pembeni picha ya ile ya Hall, na nikakaa kimya mpaka chai ikapoa.

Nimezileta zote mbili. Zitaanzia kwa mzee hapa mbele, zipite mstari kwa mstari, mzishike, msiogope kuzigusa zimeshagusika sana. Ile ya shaba muigeuze muitafute ile J, mwenye macho mazuri ataiona bila lensi. Zikifika mlangoni kijana wa shati la bluu naomba unirudishie.